Mguu mmoja umevimba ghafla? Usiuchue, upime kwanza (uzi wa mabonge ya damu kwenye mishipa)

#1 Tabibu wa Kata

Wakuu, habari za jioni.

Mama ana wiki mbili tangu ajifungue. Mguu wa kushoto unavimba, wa kulia uko vilevile. Wa kwanza kusema anasema ni baridi ya uzazi, wa pili anasema kakanyaga kitu alichotegewa, wa tatu keshabandika maji jikoni ili akandwe. Wote watatu wanakula muda wa mgonjwa, na huyo wa tatu ndiye ananitisha zaidi.

Damu ikishuka mguuni haipandi yenyewe. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoikamua kurudi juu kila unapopiga hatua. Tangu enzi za daktari Mjerumani Rudolf Virchow, karne ya 19, sababu za bonge zinawekwa mafungu matatu: damu kutuama, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na haraka ya kuganda. Aliyejifungua kwa upasuaji ana yote matatu kwa mpigo. Bonge likibaki mguuni litauma na kuvimbisha. Likimeguka linapanda na damu, linapita kinena, tumbo, upande wa kulia wa moyo, linakwenda kukwama kwenye mapafu.

Mguuni angalia hivi:

- Ni mguu mmoja, na umeanza ndani ya saa au siku chache, si miezi.
- Maumivu ya shavu la mguu au paja, kama msuli uliokaza ambao hauachii.
- Ngozi imetuna, inang'aa, na ukiweka mgongo wa kiganja unahisi joto kuliko mguu wa pili.
- Ukibonyeza muundi kwa sekunde kumi kinabaki kishimo.

Vipeperushi vingi vya Ulaya vinasema mguu "unakuwa mwekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliokolea au hutaona chochote. Amini joto na kipimo cha futi, usisubiri rangi.

Sasa futi. Chukua ile laini ya fundi cherehani. Mgonjwa alale chali, miguu imenyooka bila kukaza. Chini ya pia ya goti, mbele, kuna kinundu cha mfupa. Teremka sentimita 10 kutoka hapo, weka alama ya kalamu, zungusha futi bila kuibana. Rudia mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, hiyo ni alama nzito hata kama mgonjwa anasema haumii sana. Andika namba na saa kwenye karatasi, uende nayo hospitali.

Huko watajumlisha pointi za Wells, yaani alama za kukadiria uwezekano wa bonge. Pointi moja moja kwa: saratani inayotibiwa, kupooza au mguu kufungwa P.O.P (plasta ngumu), kulala kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, maumivu ukibonyeza njia ya mshipa, mguu mzima kuvimba, ile tofauti ya sentimita 3, kishimo kwenye mguu unaouma tu, mishipa ya juu ya ngozi kujitokeza, na kuwahi kupata bonge. Unatoa pointi 2 kama kuna ugonjwa mwingine unaoelezea hali hiyo vilevile. Ikifika 2 na kuendelea, mgonjwa anastahili altrasaundi ya mishipa, si dawa ya kuchua.

Likishafika mapafuni: pumzi inakata ghafla, kichomi kinachochoma ukivuta hewa, mapigo zaidi ya 100 kwa dakika mtu akiwa amekaa, kukohoa damu, kuzimia. Mara nyingine mguu hauna dalili yoyote. Mtu wa namna hii asitembezwe hata hatua kumi. Abebwe hadi kwenye gari, akae nusu ameegemea, na aende hospitali yenye oksijeni, siyo duka la dawa.

Kiharusi na mshtuko wa moyo navyo mara nyingi ni mabonge, ila ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni). Hayo yana uzi wake.

Uzi tayari.

---

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshika nafasi, madini haya. Ila mkuu, "kichomi" huku kwetu ndiyo nimonia yenyewe. Tutatofautishaje?

---

#3 Tabibu wa Kata

Swali zuri, maana hata sisi tunapigwa chenga hapo. Nimonia mara nyingi huja na homa, kikohozi chenye makohozi, na inajijenga kwa siku kadhaa. Bonge la mapafu huja kama swichi: asubuhi alikuwa mzima, saa nne hawezi kumaliza sentensi. Homa ndogo inaweza kuwepo, kwa hiyo joto pekee lisikudanganye. Wengine hutibiwa pumu ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na wengine hutibiwa kifua kikuu kwa sababu wamekohoa damu, wakati kifua kikuu kina historia ya wiki kadhaa, jasho la usiku na kukonda.

Swali linalosaidia kuliko yote: *ndani ya miezi mitatu iliyopita kulikuwa na nini?* Upasuaji, kuvunjika, kujifungua, kulazwa, safari ndefu, vidonge vipya vya uzazi wa mpango. Mgonjwa hataji mwenyewe kwa sababu haoni uhusiano kati ya mguu uliovunjika mwezi uliopita na pumzi ya leo.

Na wenye vile vibanio vya kidole vya kupimia oksijeni vilivyonunuliwa wakati wa korona: 97 haimaanishi hakuna bonge. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kusoma juu kuliko hali halisi, na kidole chenye hina nyeusi au piko kinaharibu namba. Tumia kidole kisichopakwa.

---

#4 Mkunga Zamu ya Usiku

Naongezea upande wa wodi ya wazazi, maana mfano wa daktari umeanzia huko.

Ujauzito wenyewe unapandisha hatari ya bonge kama mara nne hadi tano ya mwanamke asiye mjamzito wa umri huohuo. Lakini kilele hakipo kwenye mimba, kipo baada ya kujifungua, hasa wiki sita za mwanzo. Hesabuni wenyewe: wiki sita ni siku 42. Ni arobaini ileile ambayo mama anawekwa ndani, anaambiwa asiguse kazi, analala kutwa. Mila imemlinda na kazi nzito, hilo naliheshimu, lakini kumlaza siku nzima ndiyo kutuamisha damu kwenye kipindi kibaya kuliko vyote.

Kwa nini mguu wa kushoto? Mshipa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto unapita chini ya ateri ya upande wa kulia, pale ndani ya nyonga. Ateri inaukandamiza, mfuko wa uzazi nao unaongeza uzito. Kwa hiyo bonge la mjamzito mara nyingi linaanzia juu, nyongani, wala si kwenye shavu la mguu. Dalili zake zinapotosha: maumivu ya kinena, ya kiuno upande mmoja, au ya tako, kisha mguu mzima unavimba mpaka paja. Futi ya daktari hapo juu pimeni na pajani.

Kuvimba kwa kawaida kwa mjamzito ni miguu yote miwili, zaidi jioni, na asubuhi kunapungua. Ikija na kichwa kuuma na presha kupanda, hiyo ni habari nyingine, kimbieni kliniki.

Wanaotakiwa kuangaliwa kwa jicho kali: waliojifungua kwa upasuaji, hasa wa dharura, waliopoteza damu nyingi au kuongezewa, waliopata kifafa cha mimba au dalili zake, waliopata maambukizi baada ya uzazi, wenye uzito mkubwa, mapacha, waliolazwa muda mrefu kabla ya kujifungua, na yeyote aliyewahi kupata bonge. Huyu wa mwisho aseme siku ya kwanza ya kliniki, asingoje aulizwe, kwa sababu wengi wao huhitaji sindano za kuzuia wakati wa mimba na wiki sita baada yake.

Nyumbani: baada ya upasuaji mama aanze kusimama siku ileile wauguzi wakimruhusu, kisha kila saa ya mchana anyanyuke, azunguke uani, anywe maji na uji wake. Kumkanda tumbo na mgongo mwenye miguu mizima sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni mguu uliovimba: usikandwe, usichuliwe, usifungwe bandeji ya kubana, mpaka upimwe.

Halafu kuna bonge la kichwani, linasahaulika kabisa. Mzazi anapata kichwa kisichosikia panadol, kinazidi akilala au akikohoa, macho yanaona ukungu, baadaye degedege. Ndugu husema ni kifafa cha mimba au mashetani. Degedege baada ya uzazi ni dharura vyovyote iwavyo, ila ikiwa presha ni ya kawaida, ulizeni kuhusu picha ya kichwa.

---

#5 Mvuvi wa Nchi Kavu

Shikamooni wataalamu. Huku pwani mguu mmoja mkubwa tunajua ni matende. Vipi hapo?

---

#6 Tabibu wa Kata

Marahaba. Matende huchukua miezi na miaka, ngozi inakuwa ngumu na ya mikunjo, na mwenyewe anakuambia amekuwa nayo tangu lini. Bonge lina tarehe: "tangu juzi". Lakini mwenye matende naye anaweza kupata bonge, kwa hiyo mguu wa matende ukiongezeka ghafla na kuuma, usiuzoee.

Vingine vinavyofanana: maambukizi ya ngozi (homa, mpaka wa joto unaosambaa, mara nyingi kuna kidonda au nyufa kati ya vidole), msuli uliochanika (alisikia "pa!" akikimbia), uvimbe wa maji nyuma ya goti uliopasuka. Miguu yote miwili ikivimba fikiria moyo, figo, ini, au kidonge cha presha cha amlodipine, ambacho kinavimbisha vifundo vya miguu bila bonge lolote.

Mshipa wa mkono uliowekewa dripu ukawa mgumu kama kamba ni mshipa wa juu ya ngozi. Unauma lakini mara nyingi hauna hatari ya kwenda mapafuni. Kamba kama hiyo ikiwa pajani na inapanda kuelekea kinena, hiyo ipigwe altrasaundi.

---

#7 Nesi wa Mifupa

Nimesoma kote sijaona bodaboda wametajwa. Kijana aliyevunjika mguu, kafungwa P.O.P kutoka paja hadi vidole, karudishwa nyumbani wiki sita: shavu la mguu halifanyi kazi, mshipa umejeruhiwa, na hakuna anayeuona mguu. Bonge linaota ndani ya plasta. Kinachoonekana nje ni vidole kuvimba hata mguu ukiinuliwa, na maumivu yanayohamia nyuma ya mguu siku za baadaye badala ya kupungua. Usichanganye na plasta iliyobana siku ya kwanza au ya pili: hapo maumivu ni makali mno mtu akinyooshewa vidole, vidole vinakuwa baridi na ganzi. Hiyo inafunguliwa siku hiyohiyo, usiku wa manane pia.

Kilicho huru kichezeshwe. Vidole juu na chini mara kumi kila saa, kukaza paja ukihesabu tano, kuinua mguu mzima na plasta yake. Waliobadilishiwa nyonga hupewa dawa ya kuzuia kwa takriban siku 35. Wengi wanaiacha wakishatoka wodini kwa kuwa "kidonda kimekauka". Kidonda cha ngozi na hatari ya bonge havina ratiba moja.

Na wenye selimundu, VVU, kifua kikuu na ugonjwa wa figo unaomwaga protini kwenye mkojo: hatari iko juu hata bila kuvunjika popote. Kwa selimundu, maumivu ya kifua hayatakiwi kuitwa "mashambulizi yake ya kawaida" kabla hajapimwa.

---

#8 kichwa_ngumu

Mimi naona mnatutisha tu. Kila mtu mjini ana damu nzito siku hizi. Aspirini ndogo kila siku, kitunguu saumu na tangawizi asubuhi, mchezo umeisha.

---

#9 Mfamasia wa Kona

Mkuu, tutaanza na "damu nzito". Hakuna kipimo cha kaunta kinachoonyesha kwamba damu yako ni nzito na utapata bonge. Wingi wa damu ukipanda sana ni tatizo halisi lakini ni la wachache, na linaonekana kwenye kipimo cha kawaida cha damu.

Aspirini inazuia chembe sahani kushikana, na kazi yake kubwa iko kwenye ateri: moyo na kiharusi. Bonge la vena (mishipa inayorudisha damu moyoni, kama hili la mguuni) limejengwa zaidi kwa nyuzi za protini, ndiyo maana dawa zake ni za aina nyingine. Kumeza aspirini ukiwa na mguu uliovimba ni kupiga breki ya mkono gari likiwa korongoni, na utaongeza kutoka damu tumboni. Kitunguu saumu weka kwenye pilau. Kukila kwa dozi kubwa pamoja na warfarini (kidonge cha kuzuia damu kuganda) kunaongeza hatari ya kutoka damu.

Sasa dawa zenyewe, maana hapa ndipo watu wanaumia.

*Warfarini.* Inapimwa kwa INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani), lengo la kawaida ni 2 hadi 3. Siku za mwanzo inapunguza kwanza protini zinazozuia kuganda, kwa hiyo haianzishwi peke yake. Inakwenda na sindano ya heparini au enoxaparin kwa angalau siku 5 na mpaka INR itulie 2 au zaidi kwa saa 24. Anayepewa warfarini tupu akarudishwa nyumbani aulize. Mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki: usiache, ila usile sufuria nzima leo na kesho usiguse. Metronidazo, Septrini na flukonazo zinapandisha INR vibaya. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha. Diklofenaki na ibuprofeni acha, tumia paracetamol.

*Rivaroxaban*: miligramu 15 mara mbili kwa siku 21, kisha 20 mara moja. Zote hizo ni pamoja na chakula, kwa tumbo tupu haifyonzwi vya kutosha. *Apixaban*: 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili. Hazihitaji INR, lakini rifampisini inaziua nguvu hizi pia. Mjamzito hapewi hizi mbili, warfarini nayo inaweza kumharibu mtoto tumboni. Dawa yake ni sindano ya enoxaparin. Anayenyonyesha anaweza kutumia warfarini au sindano.

Muda wa chini ni miezi mitatu. Mguu unarudi kawaida wiki ya tatu, mtu anaona kamaliza, anaacha. Bonge bado liko.

*Sindano ya tumbo (enoxaparin):* sentimita 5 kutoka kitovuni, badilisha upande kila siku, finya ngozi, ingiza wima. Kama ni dozi ya bomba zima lililojazwa kiwandani, usitoe kile kiputo cha hewa, kinasukuma dawa ya mwisho. Ukitoa sindano usisugue, utapata baka jeusi.

Uzazi wa mpango, kabla hamjauliza: hatari iko kwenye vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Hesabu za shirika la dawa la Ulaya: kwa wanawake 10,000 wasiotumia, kama 2 hupata bonge kwa mwaka, wanaotumia vyenye levonojestreli ni 5 hadi 7, vyenye drospirenone 9 hadi 12. Miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Vijiti na kitanzi havibebi mzigo huo. Sindano ya miezi mitatu kuna tafiti zilizoonyesha hatari kupanda, kwa hiyo mwenye historia ya bonge aseme. P2 haina estrojeni.

---

#10 Mpiga Picha za Ndani

Upande wa vipimo, kifupi kwa sababu mfamasia kamaliza nafasi.

Altrasaundi ya mguu si kuangalia tu, ni kubonyeza. Mshipa mzima ukibonyezwa unalala bapa; wenye bonge unagoma. Ripoti ikiandika "hakuna bonge" wakati wamepima kinena na nyuma ya goti peke yake, na shaka bado ni kubwa, mgonjwa arudie baada ya siku 5 hadi 7, maana la shavu la mguu linaweza kupanda. Kwa mapafu, picha ya mwisho ni CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa.

D-dimer, kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya bonge, ndicho kinachotumika vibaya. Kazi yake ni *kuondoa* shaka kwa mtu mwenye pointi chache. Mjamzito, aliyejifungua, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani au maambukizi atakuwa juu hata bila bonge. Mpaka wa kawaida ni 500 (ng/mL), na kwa waliozidi miaka 50 wengi huzidisha umri mara 10, yaani wa miaka 70 mpaka wake ni 700. Angalieni kizio: maabara nyingine zinaandika 0.5, nyingine zinatumia mfumo ambao mpaka ni karibu 250. Usilinganishe karatasi za maabara mbili bila kusoma mabano ya mwisho wa mstari.

---

#11 Abiria wa Siti ya Dirisha

Na sisi wa Dar–Mwanza kwa basi? Siti zenyewe mnazijua.

---

#12 Tabibu wa Kata

Kukaa zaidi ya saa 4 bila kunyanyuka kunapandisha hatari, iwe basi au ndege. Kwa mtu mzima wa afya bado ni ndogo, haihitaji dawa. Kila nusu saa inua visigino, kisha vidole, mara ishirini. Basi likisimama kuchimba dawa, shuka hata kama huna haja. Mzigo usiuweke miguuni ukaifungia nafasi. Usijinyime maji kwa kuogopa choo.

Aliyefanyiwa upasuaji ndani ya miezi mitatu, mjamzito, au aliyewahi kupata bonge aongee na daktari kabla ya tiketi. Soksi za kubana ziwe za chini ya goti, zenye kipimo cha mguu wako, na zisijikunje juu kama mpira. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake ni baridi asizivae kabla ya kupimwa ateri. Dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya safari, si lazima stendi.

---

#13 Binti Unguja

Assalaam aleikum. Mtu yuko kwenye rivaroxaban na Ramadhani inaingia, afanyeje?

---

#14 Mfamasia wa Kona

Waaleikum salaam dada. Akiwa kwenye dozi ya 20 mara moja, aimeze na futari, chakula kipo, saa hazibadiliki siku hadi siku. Akiwa bado kwenye siku 21 za mwanzo, ni futari na daku, lakini hicho ni kipindi cha hatari na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Aongee na daktari wake kabla ya mwandamo. Asirukishe dozi ya mchana akaifidia kwa mbili usiku bila kuuliza.

---

#15 kichwa_ngumu

Haya, nimekubali. Nimepima, kulia 37.5, kushoto 38.2. Nife leo?

---

#16 Tabibu wa Kata

Huo ni mguu unaopigia mpira. Tofauti ya chini ya sentimita moja ni ya kawaida. Rudisha futi ya fundi.